Kiwanda cha Spiriti ya Molasi: Athari zake kwa Mazingira na Namna ya Kuzidhibiti

Mada hii inagusa masomo matatu kwa pamoja. Jiografia inakuuliza kuhusu viwanda na uchafuzi, Kemia inakuuliza kuhusu uchachukaji na kukeneka, na Biolojia inakuuliza kuhusu oksijeni ndani ya maji. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza, lakini tunaeleza hapa kwa Kiswahili kwa sababu mtahiniwa aliyeelewa jambo hukosea maneno machache tu, wakati aliyekariri bila kuelewa hupotea swali likigeuzwa kidogo.

Nianze na kosa ninalokutana nalo kila ninaposahihisha majaribio. Swali linasema: "Eleza athari tatu za kimazingira za kiwanda cha pombe kinachotumia molasi." Mwanafunzi anaandika: uchafuzi wa maji, uchafuzi wa hewa, uchafuzi wa ardhi. Majibu hayo yanafaa kiwanda cha saruji, cha ngozi na hata gereji ya pikipiki. Msahihishaji anataka kujua ni kitu gani hasa kinachochafua, kinatoka hatua gani ya uzalishaji, na kinamdhuru nani. Hapo ndipo alama zilipo.

Ili tuwe na mahali pa kusimamia, tuchukulie kwamba mwekezaji anataka kujenga kiwanda cha namna hiyo kwenye mabonde ya chini ya Manyovu, Wilaya ya Buhigwe. Mfano huu ni wa kufundishia tu. Nimeuchagua kwa sababu ya milima, mvua na vijito vya huko. Viwanda halisi vya aina hii vipo: Kidatu mkoani Morogoro, Kampuni ya Sukari Kilombero ilifungua mtambo wake wa spiriti mwaka 2013, wenye uwezo wa takriban lita milioni 12 kwa mwaka. Nchini Kenya, kampuni ya Agro Chemical and Food iliyoanzishwa mwaka 1978 iko Muhoroni, katika bonde la Mto Nyando unaoingia Ziwa Victoria.

Molasi ni nini, na spiriti inapatikanaje

Molasi ni uji mzito, mweusi na mtamu unaobaki baada ya kiwanda cha sukari kutoa fuwele zote za sukari zinazoweza kutoka kwa faida. Kila tani 100 za miwa huacha takriban tani 4 za molasi. Ndani yake bado kuna sukari nyingi, karibu nusu ya uzito wake, pamoja na chumvichumvi, hasa potasiamu, ambayo muwa uliivuta kutoka udongoni. Kumbuka hiyo potasiamu, tutairudia.

Molasi huchanganywa na maji, kisha huwekwa hamira. Hamira hula sukari na kutoa ethanoli na kabonidioksaidi:

C6H12O6 → 2C2H5OH + 2CO2

Baada ya siku moja au zaidi mchanganyiko huwa na ethanoli kiasi cha asilimia 8 hadi 10 hivi. Unapelekwa kwenye mnara wa kukeneka. Ethanoli huchemka kwa nyuzijoto 78, maji kwa 100, kwa hiyo mvuke wa juu huwa na ethanoli nyingi, nao hupozwa ukawa spiriti. Aliyewahi kuona gongo ikipikwa ameiona kanuni hii kwa pipa na bomba. Na aliyeona gongo ikipikwa anajua pia kwamba kuna kitu kinachobaki kwenye pipa, kinachomwagwa nyuma ya nyumba. Mada yetu yote imejaa ndani ya hicho kinachomwagwa.

Vinasi, adui mkuu

Maji yanayobaki chini ya mnara baada ya ethanoli kutoka huitwa vinasi. Kwa kila lita moja ya spiriti hubaki vinasi kati ya lita 8 na 15. Soma sentensi hiyo tena. Kiwanda tunachokiita cha spiriti, ukipima kinachotoka mlangoni, ni kiwanda cha maji machafu kinachotoa spiriti kidogo.

Vinasi hutoka ikiwa na joto la nyuzi 80 na zaidi. Ina uasidi, pH yake ni karibu 4. Rangi yake ni ya kahawia iliyoiva kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Zaidi ya yote, imejaa vitu vyenye asili ya uhai: mabaki ya sukari, asidi na chembe za hamira zilizokufa. Hakuna sumu ya kutisha ndani yake kama zebaki au sayanaidi, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. "Si mabaki ya sukari tu?" Ndiyo, na hayo mabaki ndiyo yanayoua samaki.

Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Maji ya mto yenye joto la nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita. Ukimwaga chakula ndani ya mto, bakteria husherehekea. Wanakula, wanazaliana kwa kasi, na wote wanapumua oksijeni ileile. Oksijeni ikiisha, samaki wanakufa kwa kukosa pumzi. Kisha wanakuja bakteria wasiohitaji oksijeni, wao hutoa gesi yenye harufu ya mayai mabovu. Wakazi husema mto "umeoza", na kikemia hawajakosea.

Kipimo cha jambo hili huandikwa BOD: ni kiasi cha oksijeni ambacho bakteria watahitaji ili kuumaliza uchafu uliomo katika lita moja ya maji. Sampuli huwekwa gizani kwa siku 5 katika nyuzijoto 20, oksijeni ikipimwa mwanzo na mwisho. Giza ni la lazima, maana mwani ukipata mwanga hutoa oksijeni na kuharibu hesabu. (Swali la "kwa nini gizani" ni dogo lakini wengi hulikosa.)

Kanuni za viwango vya ubora wa maji za Tanzania za mwaka 2007 zinataka maji taka yanayoingia mtoni yawe na BOD isiyozidi miligramu 30 kwa lita. BOD ya vinasi ya molasi ni kati ya miligramu 40,000 na 60,000 kwa lita hivi. Sasa chukua kalamu.

Tuchukulie kiwanda chetu kinatoa lita 40,000 za spiriti kwa siku, vinasi lita 12 kwa kila lita ya spiriti, na BOD ya 45,000.

Vinasi kwa siku: 40,000 × 12 = lita 480,000, yaani mita za ujazo 480.

Mzigo wa BOD: 480,000 × gramu 45 = gramu 21,600,000, yaani kilo 21,600 za oksijeni kila siku.

Mtu mmoja, kwa choo na maji yake ya kuogea na kufulia, huhesabiwa kuwa na mzigo wa gramu 54 hivi kwa siku. Gawanya: 21,600,000 ÷ 54 = watu 400,000. Kiwanda kimoja chenye wafanyakazi wasiojaza mabasi matatu kinaweza kuuchafua mto kama mji wa watu laki nne wasio na vyoo.

Tazama sasa ndoo moja ya lita 20. Kila lita ya vinasi hiyo huhitaji miligramu 45,000 za oksijeni, na mto una 8 kwa lita, kwa hiyo lita moja hula oksijeni yote ya lita 5,625 za maji. Ndoo moja ni lita 112,500. Ukiwa umewahi kuteka maji kwenye kijito cha Manyovu mwezi Agosti, unajua hakina maji ya kupoteza kiasi hicho.

Ushahidi kwamba sukari huua

Septemba 2013, bomba la kupakia molasi melini lilivuja katika bandari ya Honolulu, Hawaii. Tani zipatazo 1,400 za molasi ziliingia baharini. Haikuwa vinasi, ilikuwa molasi yenyewe, ile ambayo mfugaji humpa ng'ombe. Samaki zaidi ya 26,000 waliokotwa wamekufa. Molasi ni nzito kuliko maji ya bahari, ilizama hadi chini, na wale wanaoishi chini wakafa kwanza.

Mwaka 1919, tarehe 15 Januari, tangi la molasi lilipasuka mjini Boston, Marekani. Molasi hiyo ilikusudiwa kutengenezewa spiriti ya viwandani. Wimbi lake liliua watu 21. Tangi lilikuwa likivuja tangu mwanzo, na kabla ya kutumika halikujaribiwa ipasavyo kwa kujazwa maji. Mfano huu ni wa kale, lakini hatua yake ya kudhibiti inafaa kuandikwa mpaka leo: tangi jipya hujazwa maji kwanza, hukaguliwa, ndipo linapokea molasi. Tena huzungushiwa ukuta unaoweza kubeba asilimia 110 ya kilichomo katika tangi kubwa kuliko yote. Tangi la lita 500,000 linahitaji ukuta wa kuzuia lita 550,000.

Huku kwetu huna haja ya kwenda mbali kuona kanuni hii. Msimu wa kahawa, penye mashine za kumenya kahawa kwa maji, ukichungulia mfereji ambao haukuchimbiwa shimo la kutosha utaona maji mazito yenye povu na utasikia harufu. Utelezi wa kahawa ni sukari. Kanuni ni ileile, kiasi ndicho kidogo.

Athari za wakati wa ujenzi

Watahiniwa wengi hurukia kiwanda kinachofanya kazi na kusahau kwamba swali linaweza kuuliza kuhusu kujenga. Kwenye mteremko wa Manyovu athari ya kwanza ni udongo. Tingatinga likishakwangua majani na mizizi, mvua ya Novemba haina cha kuizuia. Udongo hushuka bondeni, hujaza mifereji ya umwagiliaji na hutia tope kwenye chemchemi. Hatua ya kudhibiti ni kusafisha eneo kwa vipande badala ya lote kwa pamoja, kufanya kazi za udongo kiangazi kati ya Juni na Septemba, kuchimba makinga maji yanayofuata kontua, na kupanda nyasi mara tu kipande kinapokamilika.

Vumbi, kelele, malori barabarani na mashimo ya kuchimbia mchanga na mawe hayahitaji maelezo marefu: maji ya kunyunyiza, ratiba ya saa za kazi, mwendo mdogo karibu na shule, na kufukia mashimo ili yasiwe mazalia ya mbu. Ardhi ya watu ni suala zito zaidi. Shamba la kahawa huchukua miaka mitatu au zaidi kuanza kuzaa vizuri, hivyo fidia ya haki haihesabu miti tu bali pia mavuno yatakayokosekana. Ukiandika hivyo kwenye mtihani, msahihishaji ataona unaijua nchi yako.

Athari nyingine wakati wa uzalishaji

Kuni. Mnara wa kukeneka unahitaji mvuke, na mvuke unahitaji boila, na boila linahitaji kitu cha kuchoma. Kiwanda kilicho ubavuni mwa kiwanda cha sukari huchoma makapi ya miwa. Kiwanda kilicho peke yake hujaribiwa kununua kuni. Mkoa wa Kigoma umeshabeba mzigo mkubwa wa kuni na mkaa, si haba kwa sababu ya kambi za wakimbizi kama Nyarugusu iliyoko Kasulu tangu mwaka 1996. Boila la kuni lingeingia moja kwa moja kwenye misitu ya miombo iliyobaki. Hapa sharti la kibali linapaswa kuwa wazi: chanzo cha nishati kitajwe kabla ya jiwe la msingi.

Kabonidioksaidi. Kutokana na mlinganyo wa juu, gramu 92 za ethanoli huambatana na gramu 88 za kabonidioksaidi. Lita moja ya ethanoli ina uzito wa gramu 789, hivyo huambatana na gramu 755 za gesi hiyo. Gesi hiyo ilivutwa na muwa kutoka hewani msimu uliopita, kwa hiyo haiongezi kabonidioksaidi mpya kama mafuta ya petroli yanavyofanya. Hatari yake ya karibu ni nyingine: ni nzito kuliko hewa, hutulia chini ndani ya matangi ya kuchachushia, na mfanyakazi anayeshuka kusafisha bila kupima hewa anaweza kuzimia na kufa, na mwenzake anayemfuata kumwokoa akafa pia. Hudhibitiwa kwa kupitisha hewa, kupima kabla ya kuingia, na kumweka mtu wa nje mwenye kamba. Viwanda vingine huikusanya gesi hiyo, huisafisha na kuiuza kwa watengenezaji wa soda.

Moto. Ethanoli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika joto la kawaida la chumba, na mwali wake mchana hauonekani vizuri. Matangi huwekwa mbali na makazi, nyaya na taa huwa za aina isiyotoa cheche, na povu la kuzimia moto huwa tayari.

Spiriti yenyewe. Lita zinazotoroka mlango wa nyuma huishia vilabuni. Serikali hutaka spiriti isiyo ya kunywa itiwe dawa ya kuifanya isinyweke, na stakabadhi zilingane na mita za matangi. Jambo hili ni la kijamii, lakini tathmini ya mazingira huhesabu jamii pia.

Namna ya kuidhibiti vinasi

Wataalamu hupanga hatua kwa mfuatano: kwanza epusha, ikishindikana punguza, kinachobaki kitibu, na kilichoharibika rekebisha au fidia. Mfuatano huu una maana. Anayeanza na kutibu amekubali gharama ambayo pengine angeweza kuikwepa.

Kuepusha ni kuchagua mahali. Nami nina maoni hapa: mteremko wa Manyovu si mahali pa kiwanda hiki, hata kama ardhi ni rahisi. Hakuna molasi karibu, kwa hiyo ingeletwa kwa malori. Kiwanda chetu kingehitaji nyingi: tani moja ya molasi hutoa takriban lita 250 za spiriti, hivyo lita 40,000 zinataka tani 160 kila siku, ambazo ni masalia ya tani 4,000 za miwa. Hakuna mashamba tambarare ya kupokea vinasi. Na kila kinachoteremka milima hii, kiwe kimepita Mto Luiche au kimezunguka kwa Malagarasi, mwisho wake ni Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470 na maji yake hubadilika kwa mamia ya miaka, kwa hiyo kinachoingia hukaa. Mwaka 2003 Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilisaini mkataba wa kulitunza kwa pamoja. Kiwanda kama cha Kidatu kina faida ya kukaa kando ya chanzo cha molasi na mashamba ya miwa. Swali la "toa sababu za mahali kilipo kiwanda" na swali la "dhibiti uchafuzi" hapa yana jibu moja.

Kupunguza ni kuzalisha maji machafu kidogo zaidi. Sehemu ya vinasi inaweza kurudishwa kuchanganyia molasi badala ya maji safi. Tuseme tunashuka kutoka lita 12 hadi 8 kwa kila lita ya spiriti: 40,000 × 8 = lita 320,000. Tumeokoa mita za ujazo 160 za maji kwa siku, na bwawa linaweza kuwa dogo. Lakini angalia mtego. Uchafu haukupungua, umejibana ndani ya maji machache. Mzigo bado ni kilo zilezile 21,600 kwa siku, ukolezi ndio uliopanda, kutoka 45,000 hadi 67,500. Tofautisha mzigo na ukolezi. Kwa sababu hiyohiyo kuongeza maji safi ili kushusha ukolezi si tiba, ni kujificha. Ungehitaji kuichanganya lita moja ya vinasi hadi ifike lita 1,500 ndipo ipungue kufikia 30, na kilo za uchafu zitakazofika mtoni zitakuwa zilezile.

Kutibu huanza na tangi lililofungwa lisiloingiza hewa. Bakteria wasiotumia oksijeni humeng'enya uchafu na kutoa biogesi, ambayo nyingi yake ni methani. Methani hiyo huchomwa kwenye boila, ikapunguza haja ya kuni. Hatua hii moja inaweza kuondoa hadi asilimia 90 ya BOD. Wengi huishia hapo wakafurahi. Endelea na hesabu: asilimia 90 ya 45,000 ikiondoka, inabaki 4,500. Yapeleke maji hayo kwenye mabwawa yenye mashine za kupuliza hewa, yaondoe asilimia 95 ya kilichobaki: inabaki 225. Bado ni zaidi ya mara saba ya kiwango cha 30. Ili kufikia kiwango inabidi kuondoa asilimia 99.93. Na rangi ya kahawia haitoki kirahisi, maana bakteria hawaipendi. Mto ukiwa na rangi hiyo, mwanga haufiki chini na mimea ya majini haitengenezi chakula.

Kwa sababu hiyo viwanda vingi duniani havilengi kuisafisha vinasi hadi iingie mtoni, bali vinalenga isiingie kabisa. Brazili ni mfano mzuri. Ilianzisha mpango mkubwa wa ethanoli ya magari mwaka 1975, mito ya maeneo ya miwa ikaumia, na kabla ya muongo kwisha serikali ikakataza kumwaga vinasi mitoni. Viwanda vikalazimika kuirudisha shambani. Ile potasiamu niliyokuambia uikumbuke ndiyo inayoifanya vinasi kuwa mbolea: muwa unarudishiwa ulichotoa. Njia nyingine ni kuichanganya na matope ya kuchuja juisi ya miwa ikawa mboji, au kuivukiza hadi iwe nzito kisha kuichoma kwenye boila maalumu na kuuza majivu yake.

Shambani nako kuna kipimo. Potasiamu ikizidi miaka na miaka udongo huharibika, na chumvi huzama hadi kwenye visima. Kwa hiyo udongo hupimwa kila mwaka, na vinasi haimwagwi siku ya mvua wala kwenye mwinuko mkali, kwa sababu itateremka mtoni kabla haijanyonywa. Ndiyo maana nilisema mteremko haufai.

Msimu wa mvua lazima vinasi ihifadhiwe bwawani. Sakafu ya bwawa hufunikwa plastiki nene ili isivuje, na visima vya uchunguzi huchimbwa kulizunguka. Mvua nayo huhesabiwa. Bwawa la hekta moja likipata milimita 1,200 kwa mwaka huongezewa maji mita za ujazo 12,000, sawa na vinasi ya siku 25 za kiwanda chetu. Mhandisi asiyeacha nafasi hiyo atafurikiwa, na mafuriko ya bwawa huja usiku, mvua inaponyesha, wakati hakuna anayetazama. Walio chini ya bonde ndio wa kwanza kujua, asubuhi, wakienda kuteka maji.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 81, inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza. Msimamizi aliyetajwa na sheria hiyo ya mwaka 2004 ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Mwekezaji husajili mradi, wataalamu waliosajiliwa huainisha mambo ya kuchunguza, hukusanya takwimu za hali ya awali (maji yalikuwaje kabla ya kiwanda), husikiliza wananchi, huandika ripoti na mpango wa usimamizi, ripoti hupitiwa, na ikikubaliwa cheti hutolewa. Takwimu za awali zina uzito kuliko zinavyoonekana: bila hizo, mto ukichafuka miaka mitano baadaye, hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba haukuwa hivyo tangu zamani.

Kifungu cha 57 cha sheria hiyo kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, kuchota maji kunahitaji kibali na kutiririsha maji taka kunahitaji kibali chake, vyote kutoka bodi ya maji ya bonde husika. Kwa Manyovu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika.

Mkutano wa kijiji si mapambo. Mwananchi anayejua maswali ya kuuliza hulinda kijito chake kuliko bango lolote. Vinasi itakaa wapi Machi, mvua zikiwa kubwa? Boila litachoma nini? Nani atapima maji, mara ngapi, na matokeo yatabandikwa wapi? Jibu likiwa "msiwe na wasiwasi", wasiwasi uanze.

Maswali ya kujipima

1. Kiwanda kinazalisha lita 25,000 za spiriti kwa siku na lita 10 za vinasi kwa kila lita ya spiriti. BOD ya vinasi ni miligramu 50,000 kwa lita. (a) Tafuta mzigo wa BOD kwa siku kwa kilo. (b) Ni sawa na uchafu wa watu wangapi, ikiwa kila mtu ana gramu 54? Jibu: (a) kilo 12,500, (b) takriban watu 231,000.

2. Meneja anasema ameshusha BOD ya maji taka kutoka 300 hadi 30 kwa kuyachanganya na maji ya kisima kabla hayajaingia mtoni. Kwa kutumia maneno mzigo na ukolezi, eleza kwa nini mto haujapata nafuu.

3. Kwa nini sampuli ya BOD huhifadhiwa gizani, na matokeo yangekuwa makubwa au madogo kuliko ukweli kama ingeachwa kwenye mwanga?

4. Wewe ni mjumbe wa serikali ya kijiji. Mwekezaji ameonyesha ramani yenye bwawa la vinasi mita 45 kutoka kijitoni, kwenye mteremko. Andika hoja nne utakazozitoa mkutanoni. Hoja mbili zitoke kwenye sheria na mbili kwenye sayansi, na kila hoja ifuatwe na pendekezo la nini kifanyike badala yake.